Makopo Manne ya Mama Régina

Ukitaka kumuudhi Mwanvua binti Sumaili, ingia dukani mwake, nyoosha mkono, uchukue kopo la kwanza lililo mbele yako. Atakunyang'anya kabla hujafungua mdomo. Hana roho mbaya. Hawezi tu kuvumilia kuona mtu mzima na akili zake anachagua nyama ya kopo kama anayeokota kuni. "Hiyo bwate umeisikiliza?" atakuuliza. "Umeibonyeza? Basi rudisha, nikuchagulie."

Kule kijijini Wamaza kopo huitwa bwate, na kwa miaka thelathini hakuna aliyezijua bwate kama yeye. Alizaliwa Kasongo, mtaa wa Waislamu wa zamani, baba yake akiwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na akaolewa Wamaza na mkulima ambaye sasa ni marehemu. Mume alimwachia binti mmoja, Faridah, na chumba cha mbele ambacho alikigeuza duka. Ndani ya duka palikuwa na kabati la mbao, na kabati hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Kila baada ya miezi miwili alipanda pikipiki hadi Kasongo, kwenye depo ya Abdoul, akarudi na makatoni yamefungwa nyuma yake, mgongo umekufa ganzi, uso unacheka.

Kuchagua kwake kulikuwa kazi ya asubuhi nzima, na Abdoul alishazoea kumwekea kiti. Kopo la sardini alilitikisa karibu na sikio: likichezacheza sana, mafuta ni mengi na samaki ni wachache. Kopo la nyama ya ng'ombe alilipima mkononi, kisha akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kifuniko kikishuka na kurudi juu, kopo hilo lina hewa ya uozo ndani, na hata ungempa bure asingelichukua. Sardini za mafuta aliwashauri wenye ugali wa muhogo. Makarele makubwa ya nyanya ni ya nyumba yenye watoto wengi, maana mchuzi wake unakubali kuongezwa maji. Jodari wa maji alimdharau waziwazi, akisema ni pamba ya godoro.

Tena alikuwa na sharti lake. Katoni mpya ikifika, alifungua kopo moja, akaonja mwenyewe kwanza, akangoja mpaka alasiri ndipo auze. Na akishaonja hadanganyi. Tamu atakwambia tamu, na mbaya atakwambia mbaya hata kama makatoni matatu ya hiyo mbaya yamejaa chini ya meza. Wenzake wafanyabiashara walimwona mjinga. Wateja walitoka vijiji vya mbali wakapita maduka mengine mawili wakaja kwake.

Huyo ndiye Mwanvua, na mnapaswa kumjua hivyo, kwa sababu nitakayosimulia sasa yalimkuta katika kitu hichohicho alichokijua kuliko wote.

Asubuhi moja ya mvua za kwanza milio ya bunduki ilisikika upande wa pili wa bonde. Wamaza nzima ikaanza kuchimba. Ndivyo watu wa huku wanavyofanya: usichoweza kubeba kichwani unakizika, unapanda mgomba juu yake au unamwaga majivu, unakimbia, na Mungu akipenda utakikuta. Mwanvua alikuwa na sanduku moja la bati, makopo arobaini na kitu, na nusu gunia la chumvi. Chumvi ya Wamaza inatoka mbali, na mwenye chumvi hata vijiji vikiungua hakosi wa kubadilishana naye. Muda wa kuchimba mashimo mengi haukuwepo. Basi alipanga makopo sandukuni, akamimina chumvi katikati yao mpaka ikajaza kila upenyo, akafunga, akazika, akapanda mgomba juu. Hata katika hofu ile alijisifu moyoni kwa akili yake.

Lakini kulikuwa na makopo manne ambayo hayakuingia sandukuni. Yalikuwa ya bluu, ya duara, yenye picha ndogo ya nguruwe pembeni. Safari yake ya mwisho Kasongo alikuwa na haraka ya kuiwahi pikipiki, akachukua katoni iliyochanganywa bila kuipekua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze biashara. Alipoyagundua nyumbani alinawa mikono. Akamwambia jirani yake, Mama Régina, mjane wa katekista, kwamba hayo ni yake, atampa siku ya Noeli. Yasije yakagusa chakula cha watu wake, aliyafunga kwenye plastiki mara tatu, akayatia ndani ya bidoni, dumu kuukuu lenye mdomo mpana, akaliziba kwa nta. Siku ya kukimbia alilizika peke yake, nyuma ya choo, na hakuweka alama yoyote.

Walikaa miezi mitano nje. Siwezi kuisimulia miezi hiyo yote, na Mwanvua mwenyewe haisimulii. Walilala katika majiko ya watu, wakalima mashamba ya watu kwa ujira wa muhogo, na muhogo ndio waliokula asubuhi na jioni. Faridah alikuwa na binti wa miaka miwili, Subira. Baba wa mtoto alikuwa machimboni, na habari zake zilikatika tangu mwezi wa kwanza. Maziwa ya Faridah yalikauka. Subira aliacha kukimbia, kisha akaacha kucheza, kisha nywele zake zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, na siku waliyorudi Wamaza miguu yake ilikuwa imevimba.

Kijiji walikikuta kimesimama, lakini kitupu. Kuku wote walikuwa wameliwa, mbuzi wameswagwa, maharagi ya mbegu yamebebwa. Zahanati ilikuwa na kuta tu. Daraja la njia ya Kasongo lilikuwa limechomwa, pikipiki haziji, na kwa miguu ni siku nne za mtu mwenye nguvu, katika njia ambayo watu wenye bunduki walikuwa bado wanaipita. Muganga wa zahanati, François, alirudi akiwa na begi moja la mgongoni. Alikaa chini mbele ya Subira, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akakitoa. Kibonyo kikabaki palepale.

"Mama Mwanvua, unaona?" alisema. "Huyu mutoto amekosa nyama. Samaki, mayai, maharagi, vile vitu. Muhogo unamujaza tumbo tu, haumupe mwili."

"Wewe huna dawa?"

"Ile pate ya karanga ya kutibu watoto waliibeba yote. Nimetuma mutu Kasongo, sijui kama atafika. Mutafute kitu, mumupatie kidogo kidogo, mara mingi kwa siku. Na chumvi muichunge, juu ya huu uvimbe. Musingoje sana, mama."

Mwanvua alikitazama kile kibonyo. Kwa makopo, kinachorudi ndicho kibaya. Kwa mguu wa mjukuu wake ilikuwa kinyume, na aliona kama mkono wake uliojua kila kitu sasa haujui lolote. Lakini alikuwa na sanduku. Alimwambia Faridah asilie, akachukua jembe, akaenda kwenye mgomba wake.

Shimo halikuwa limeguswa. Aliposikia jembe linagonga bati alipiga magoti palepale kwenye tope akamshukuru Mungu kwa sauti, na Mama Régina, aliyekuja kusaidia, akapiga ishara ya msalaba. Wakalitoa sanduku pamoja, wazee wawili, wakipumua kwa shida. Wakalifungua.

Chumvi ilikuwa imevuta unyevu wa ardhi miezi mitano mizima. Haikuwa chumvi tena, ilikuwa uji mzito wa rangi ya kutu, na makopo yalikuwa yameliwa humo. Mwanvua alitia mkono akatoa sardini, ikabaki nusu mkononi na nusu nyingine ikaanguka. Akatoa nyama ya ng'ombe, ina matundu kama chujio. Harufu iliyotoka humo iliwafanya wote wawili wageuze uso. Chumvi aliiweka mwenyewe, kwa mkono wake, na akajisifu. Angeyazika makopo peke yake yangekuwa mazima.

"Ni mimi," alisema. "Nimemuua mutoto wa mutoto wangu."

"Nyamaza, mama," Régina alimwambia. "Tuchague kwanza."

Walichagua mpaka adhuhuri. Katika yote, saba ndiyo yalionekana hayajatoboka. Mwanvua aliyaosha, akayabonyeza moja moja. Mawili yakarudisha kifuniko juu, akayatupa. Matano yakabaki. Akafungua moja la sardini, akanusa, akanusa tena, akala kijiko kimoja. Pua ilimwambia ndiyo, ulimi ukasita. Subira alikuwa amelala mkekani mlangoni, macho wazi, hawafukuzi hata nzi.

Faridah alitaka kuchukua kijiko. Mama yake alimzuia. "Mpaka alasiri," alisema. "Nikikuwa muzima, atakula."

Hakufika alasiri. Tumbo lilimkata kabla vivuli havijarefuka, akatapika mpaka hakuna kilichobaki, na siku mbili alilala asiweze kusimama. Aliposimama, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuyachukua yale makopo manne yaliyobaki ya sandukuni na kuyatumbukiza chooni. Hakuyaamini tena, wala hakujiamini. Siku mbili zilikuwa zimepita na Subira hakuwa ametia kitu mwilini ila uji wa muhogo, na sasa hata huo alikuwa anaugeuzia uso. Uvimbe ulikuwa umepanda magotini. Alikuwa ameacha kusema. Si kulia, si kuita mama yake, amenyamaza tu.

Mama Régina alizunguka kijiji kizima kutafuta yai moja. Alirudi na majani ya muhogo. Watu hawakumnyima, hawakuwa nalo.

Sasa niseme ukweli ambao Mwanvua mwenyewe aliusema baadaye. Yale makopo ya bluu hakuyasahau hata saa moja. Aliyakumbuka palepale sanduku lilipofunguka. Alijua yako nyuma ya choo, makavu, hayajaguswa na chumvi. Aliyakataa kichwani, na kila alipomtazama Subira yalirudi. Asubuhi ya siku ya tatu hakuweza kuyakataa tena. Alichimba peke yake. Bidoni lilitoka zima, nta yake haijapasuka. Makopo manne yaling'aa kama siku aliyotoka nayo Kasongo, na vifuniko vyake alipovibonyeza havikusogea hata kidogo.

Alikwenda nayo kwanza kwa Régina, maana yalikuwa ya Régina.

"Nilikuahidi haya kwa Noeli," alisema. Akayaweka mbele yake.

Régina aliyatazama, kisha akamtazama yeye usoni. Naye alikuwa amekonda, mikono yake imebaki mifupa, na miezi mingi nyama haikupita kinywani mwake. "Noeli iko mbali," alisema. "Mutoto iko hapa. Beba."

"Moja libaki lako."

"Beba yote. Likibaki moja, utanirudishia."

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Faridah alipoiona picha ya nguruwe alisimama mbele ya mkeka wa mwanawe kama anayezuia mlango.

"Mama, hapana. Ile iko haramu."

"Najua iko nini."

"Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilikuwa mudogo, nilikula mukate wa mafuta ya nguruwe kwa watu, ukaniosha mudomo na majivu. Leo unataka kumupa mutoto wangu?"

Mwanvua aliketi chini kando ya mkeka. "Babu yako alisomesha watu miaka makumi ine," alisema. "Nilikuwa nakaa nyuma ya mulango nasikiliza. Alisema mutu akifika mwisho, hana kingine, anakula kile cha kumuponyesha roho tu, na Mungu anasamehe. Subira amefika mwisho, Faridah. Mutazame."

Faridah hakutaka kutazama. Alilia, na alipomaliza kulia alisema kwa sauti ndogo, "Na kama bwate imeharibika? Kama ile ya juzi? Yeye hana nguvu ya kutapika."

Hilo ndilo lililokuwa likimtesa Mwanvua tangu bidoni lilipotoka ardhini. Kopo lilionekana zima. Hata lile la sardini lilionekana zima. Dharura ilikuwa ya mtoto, yeye hakuwa amefika mwisho. Alikuwa na njaa, ndiyo, amedhoofika, lakini muhogo ulikuwa unamweka hai na ungeendelea kumweka hai. Baba yake hakusema popote kwamba mtu mwenye muhogo anaweza kuonja nguruwe.

"Mama Régina aonje," Faridah alisema. "Kwao iko halali."

Régina alikuwa amesimama mlangoni. "Leteni," alisema. "Nitaonja mimi."

Mwanvua alitikisa kichwa. "Kitu ninachoogopa kama iko sumu, nimupe mutu wa watu, sababu ni mukristo? Hapana. Mutu hali kitu kwangu kama sijaonja mimi. Hata juzi niliwaambia vile."

"Mama, utaingia zambi," Faridah alisema.

"Nitaingia peke yangu."

Alifungua kopo polepole kwa kisu, akaizungusha ncha yake ukingoni. Nyama ilikuwa ya waridi, imebana, na juu yake utando mwembamba wa mafuta meupe. Akakata kipande, akakichemsha ili chumvi itoke kama muganga alivyosema, akamwaga maji, akakipondaponda. Kisha akasema Bismillahi kwa mazoea, akaisikia mwenyewe, akanyamaza kwa aibu. Akaweka kijiko kinywani.

Faridah alikuwa anamtazama usoni. "Iko namna gani?"

Mwanvua alimeza. "Tungoje alasiri," alisema.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko miezi mitano. Alikaa ukutani na mkono tumboni, akisikiliza kila mnguruko. Mara mbili alidhani maumivu yanaanza, na mara zote mbili ilikuwa hofu tu. Adhuhuri alitawadha, akasukutua kinywa mara nyingi kuliko inavyotakiwa, akasimama kuswali, lakini ladha ilikuwa bado ipo, nyuma ya ulimi, na alipoinama aliikuta huko pia. Hakujua kama swala yake imekwenda popote. Aliimaliza hata hivyo, na katika dua hakujiombea yeye. Faridah alimpepea Subira kwa kipande cha katoni. Mtoto alikuwa anapumua kwa haraka, midomo imekauka, na saa nyingine pumzi ilipokawia wanawake wote watatu waligeuka kwa pamoja kumtazama. Ikirudi, kila mmoja anajifanya hakugeuka.

Kivuli cha choo kilipofika kwenye shimo la bidoni, Mwanvua alisimama. Tumbo lilikuwa limetulia. Alikuwa mzima.

"Mubebe," alimwambia binti yake.

Faridah alimpakata Subira, akachukua kijiko, akachota kidogo, kiasi cha ukucha. Kijiko kikafika karibu na mdomo wa mtoto, kikasimama. Akainua macho kumtazama mama yake, na Mwanvua akajua anachotaka kusikia. Alitaka aambiwe ni uchafu. Alitaka kuambiwa kwamba kina ladha ya dawa, ya matope, ya adhabu, kwamba anayekila anateseka, ili amlishe mwanawe kama anayemnywesha dawa chungu na moyo wake utulie.

"Mama," aliuliza tena, "iko namna gani?"

Mwanvua alikuwa ameonja makopo miaka thelathini. Ulimi wake ulikuwa umepita katika sardini za nchi nyingi, nyama za ng'ombe za kila rangi ya kopo, makarele, hata yule jodari wa godoro. Tangu asubuhi alikuwa anaomba ulimi huo ukosee. Haukukosea. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Iko tamu," alisema. "Sijawahi kuonja bwate tamu vile. Mupe, mwanangu."

Faridah alifumba macho akasukuma kijiko. Kwa muda mrefu taya la mtoto halikusogea. Kisha Subira akatafuna, akameza, akafungua mdomo tena.